Kila Mtu Mbele ya Nyumba Yake

Mazungumzo ya asubuhi redioni. Somo: Nehemia 2:11–18, 3:28–30, 13:10–13

Tunawasalimu ninyi mlioko nyumbani mkiwapikia watoto uji, ninyi mlioko njiani kwenda kukata miwa, na ninyi mliolala kitandani kwa sababu ya ugonjwa na redio hii ndiyo mwenzenu wa asubuhi. Tunawasalimu watu wa Rongo, Awendo, Uriri, Nyatike na Kuria, na majirani zetu wa Ndhiwa, Mbita na Homa Bay. Bwana asifiwe.

Leo tunataka kusema nanyi juu ya vyama vyetu. Hatusemi vyama vya siasa. Tunasema vile vikundi ambavyo havitafuti faida: kikundi cha kulea yatima, kamati ya kisima, chama cha wajane, nyoluoro ya kina mama, umoja wa vijana, na yale mashirika makubwa yenye ofisi na magari. Pengine hakuna nyumba katika sehemu hizi ambayo haina mtu ndani ya chama fulani. Tena hakuna kijiji kisichokuwa na kibao kilichoinama kando ya njia, chenye jina la mradi ambao haupo tena. Rangi imebanduka, herufi zimefutika, na mbuzi wanajikuna hapo. Kila tupitapo mbele ya kibao cha namna hiyo tunajiuliza: kazi hii ilianza kwa maombi na makofi, ilikufaje?

Ndugu zetu, swali hili si la mchezo. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alisimamisha misaada ya nchi yake kwa nchi za nje kwa muda wa siku 90, na miradi mingi haikuinuka tena baada ya siku hizo. Mnajua wenyewe jinsi jambo hilo lilivyoingia katika nyumba zetu. Hapa ndipo nchi ya watu waliougua na kuzika sana. Mwaka 2001 hospitali ya Homa Bay ilikuwa miongoni mwa hospitali za kwanza za serikali nchini Kenya kutoa bila malipo dawa za kupunguza makali ya Ukimwi, kwa msaada wa madaktari wa shirika la Médecins Sans Frontières. Mwaka 2012 uchunguzi uliofanywa Ndhiwa ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na virusi vya ugonjwa huo. Kwa hiyo misaada iliposimama, wafanyakazi walirudi nyumbani, na watu wakaanza kuhesabu vidonge vilivyobaki katika chupa. Hapo kila chama kilipimwa. Vingine vilifunga mlango wiki ile ile. Vingine vilikaa chini ya mwembe vikaulizana, "Tufanye nini na kile tulicho nacho?" Tofauti ya hawa na wale ilitoka wapi?

Tumfungue basi Nehemia, maana yeye naye alikuta kazi iliyobomoka.

Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta huko Shushani. Alikula vizuri na kuvaa vizuri. Ndugu yake Hanani alipomletea habari kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomoka na malango yake yameteketea, aliketi akalia, akafunga, akaomba siku nyingi. Kisha akaomba ruhusa, akapewa barua na miti ya kujengea, akasafiri. Alipofika hakuitisha mkutano. Alikaa siku tatu. Halafu akaondoka usiku na watu wachache, na mnyama mmoja tu aliyempanda yeye, asimwambie mtu Mungu alichotia moyoni mwake. Akapita katika lango la bondeni, akapita katika lango la jaa, akauangalia ukuta kwa macho yake, hata akafika mahali ambapo mnyama wake hakuweza kupita kwa sababu ya vifusi.

Angalieni hapo. Wengi hudhani maono ni ndoto ya mtu mkubwa aliyeko mbali, au maneno mazuri yaliyoandikwa ukutani mwa ofisi. Mithali 29:18 hutajwa katika kila semina ya viongozi: kwamba watu wasio na maono hulegea, kila mmoja akafuata njia yake. Lakini mara nyingi tunalikata neno hilo katikati. Nusu ya pili inamsifu mtu anayeishika sheria. Maana yake maono ya Biblia ni neno la Mungu linalomfunga kiongozi kwanza, kabla ya kuwafunga wafuasi wake. Tena kwa Nehemia maono yalianza kwa kuona. Aliona vifusi, akavigusa. Na aliposimama mbele ya wazee hakuwaambia, "Ninyi mko katika hali mbaya, nami nimekuja kuwasaidia." Alisema kwamba hali mbaya hii ni yetu sote, basi na tujenge sote. Nao wakajibu kwamba wataondoka na kujenga. Neno dogo "sisi" ndilo lililowainua.

Sasa tuje karibu na nyumbani. Huko Lwala, katika Kamagambo Kaskazini, upande wa Rongo, palikuwa na mwalimu aliyetamani sana kijiji chake kipate zahanati. Mtu akiugua sana usiku, au mama akishikwa na uchungu wa kuzaa, ilibidi abebwe mbali, pengine kwa wilbaro, mpaka barabara ya magari. Mwana wa mwalimu huyo, Milton Ochieng', alipata nafasi ya kusoma katika chuo cha Dartmouth huko Marekani, lakini nauli hakuwa nayo. Ilihitajika dola 900. Wanakijiji wakauza kuku, wakauza mbuzi na ng'ombe, nauli ikapatikana. Walimwomba jambo moja tu: asiwasahau.

Fikirini jambo hilo, wapendwa. Kabla hajawako mfadhili wa ng'ambo, mfadhili wa kwanza wa kazi ile alikuwa mama fulani wa Lwala aliyemshika kuku wake miguu akampeleka sokoni. Ndugu yake Milton, Fred, alimfuata katika chuo kile kile. Milton alipokuwa mwanafunzi alikwenda pamoja na wenzake kusaidia kujenga kliniki katika kijiji cha Nicaragua, akaona kwamba jambo hilo linawezekana. Ndipo msiba ukaja. Mama yao alifariki mwaka 2004, na baba yao mwaka 2005, wote kwa ugonjwa ule ule uliokuwa ukimaliza watu wetu. Vijana wale wangeweza kubaki huko na kulia. Wao walilia, na tena wakachukua ndoto ya baba yao, wakawaendea marafiki, makanisa na wanafunzi, na mwaka 2007 kliniki ya Lwala ikafungua milango yake. Baadaye ikawa hospitali.

Lakini hatuwaambii habari hii ili msifu ndugu wawili. Tunataka mtazame jinsi kazi ile ilivyoenezwa mikononi mwa wengi. Wakunga wa jadi, wale kina mama wazee ambao wengine huwaona kuwa adui wa hospitali, hawakufukuzwa. Waliitwa, wakafundishwa, wakafanywa kuwa wahudumu wa afya, waende nyumba kwa nyumba kuwashauri wajawazito na kuwasindikiza hospitali. Yule aliyekuwa akizalisha gizani sasa anajulikana kuwa mlinzi wa mama na mtoto. Kamati za wenyeji zilipewa sauti. Na uongozi wa kila siku haukubaki kwa wale ndugu wawili. Wengine waliuchukua, na kazi ikaendelea. Serikali ya Kenya nayo ilipowatuma wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 mwaka 2023 na mikoba ya vifaa, ilifuata njia ambayo vijiji vya namna hii vilikuwa vimekwisha kuikanyaga.

Rudini sasa katika Nehemia sura ya tatu. Wengi wetu tunaporuka sura yo yote katika Biblia, ndiyo hiyo, kwa sababu ni orodha ya majina. Walakini ndani yake mna siri ya chama chema. Wafua dhahabu walijenga. Watengeneza manukato walijenga. Shalumu alijenga pamoja na binti zake. Wakuu wa Tekoa walikataa kutia shingo zao kazini, lakini watu wao wa kawaida walijenga sehemu yao, kisha wakajenga na sehemu ya pili. Na tena na tena tunaambiwa kwamba mtu alijenga mbele ya nyumba yake mwenyewe. Nehemia alijua moyo wa mwanadamu. Mtu hawezi kulipua kazi mbele ya mlango wake, mahali ambapo adui atapenya na kumwua mwanawe. Wazee wetu walijua jambo hilo walipoitana katika saga, leo shamba lako, kesho shamba langu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kiongozi mwema basi ni yule anayemwonyesha kila mtu sehemu ya ukuta iliyo mbele ya nyumba yake.

Hapa, wapendwa, ni lazima tuungame, maana tusipoungama tutakuwa tunawahubiria ninyi tu.

Miaka ya nyuma, tulipokuwa wachanga katika utumishi, tulihudumu katika parokia moja ya sehemu hizi. Palikuwa na kikundi cha kina mama waliolea yatima. Kwa msaada wa marafiki wa mbali tuliwanunulia kinu cha kusaga cha dizeli, ili faida yake iwalipie watoto karo na sare. Siku ya kukifungua tulihubiri, tuliimba, na kuku wakachinjwa. Sisi tulikuwa mwenyekiti. Sisi tuliweka sahihi benki. Ufunguo wa kile chumba ulining'inia juu ya msumari katika nyumba yetu ya mchungaji. Mkanda ulipokatika, sisi tulipanda matatu kwenda kununua mwingine. Watu wakasema, "Mchungaji wetu ana bidii," nasi tukaona kwamba hiyo ndiyo sifa ya kiongozi.

Kisha tukaitwa kwenda chuo cha theolojia kuongeza masomo, miaka miwili. Tuliporudi kuwasalimu tulikuta mlango umefungwa kwa waya. Ndani, kuku alikuwa ameatamia mayai juu ya kinu. Chombo kilikuwa kimeota kutu, na yatima watatu walikuwa wameacha shule. Tulikasirika. Tuliwaita kina mama tukawakemea, tukasema juu ya uvivu, tukasema juu ya talanta iliyofukiwa ardhini. Walinyamaza wote, wakatazama chini.

Tulipokwisha, mjane mmoja mzee, ambaye sote tulimwita Dani, aliinuka kwa fimbo yake akasema taratibu, "Mchungaji, mwanangu, usitukasirikie. Wewe ulipokwenda, kinu kilikwenda. Hatukuona vibaya, maana kilikuwa chako. Sisi tulikuwa tukileta gorogoro zetu za mahindi tu, kama wateja wengine."

Hatukuwa na jibu. Usiku ule hatukulala. Tulikuwa tumefanya kazi kwa bidii, wala hatukuiba hata shilingi moja. Walakini tulikuwa tumewaibia kina mama wale kitu kikubwa kuliko shilingi: tuliwaibia nafasi ya kuwa wajenzi. Tuliwanyang'anya ukuta uliokuwa mbele ya nyumba zao tukaujenga wenyewe, nao ukabomoka siku tulipoondoka. Na wale watoto watatu waliolipa gharama ya kosa letu, mmoja wao hakurudi shule tena. Jambo hilo bado tunalichukua mbele za Mungu.

Labda kuna mwenyekiti anayetusikiliza asubuhi hii ambaye amekalia kiti chake miaka kumi na mitano. Labda kuna mkurugenzi ambaye anajua peke yake neno la siri la akaunti ya benki. Labda kuna mchungaji ambaye ufunguo uko juu ya msumari nyumbani kwake. Ndugu, hatukuhukumu. Tulikuwa hapo.

Mtazameni Nehemia mara mbili tena. Kwanza katika sura ya tano. Maskini walilia kwamba wameweka rehani mashamba yao na kuwatia watoto wao utumwani kwa ajili ya deni, na waliowadai ni ndugu zao wenyewe. Nehemia aliwakemea wakubwa, na katika kukemea akakiri kwamba yeye na watu wake nao wamekuwa wakikopesha. Kisha akakataa chakula cha liwali kwa miaka kumi na miwili, ingawa ilikuwa haki yake, kwa sababu mzigo wa watu ulikuwa mzito. Ukuta ulikwisha kwa siku hamsini na mbili. Lakini kama kiongozi angekula sahani mbili wakati mjenzi analala njaa, ukuta ule usingalikwisha kwa miaka hamsini na miwili.

Pili katika sura ya kumi na tatu. Nehemia alirudi kwa mfalme. Alipokuja tena Yerusalemu alikuta nini? Alikuta kuku juu ya kinu! Tobia, adui wa kazi, amepewa chumba ndani ya nyumba ya Mungu. Walawi hawakupewa sehemu zao, wamekimbilia mashambani kwao. Hata Nehemia, mtu wa maombi namna ile, kazi yake ililegea alipoondoka. Basi akafanya nini? Alitupa vyombo vya Tobia nje, hilo tunalikumbuka sana. Lakini tunasahau kwamba aliweka pia watunza hazina: Shelemia kuhani, Sadoki mwandishi, Pedaya Mlawi, na Hanani wa kuwasaidia, kwa kuwa walijulikana kuwa waaminifu. Watu wanne, kutoka pande mbalimbali. Hakuweka ufunguo juu ya msumari wake. Alikuwa amejifunza.

Nasi tulijifunza kwa kuchelewa. Siku hizi vikundi vingi vya akiba vina sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo tatu zinashikwa na watu watatu wa nyumba tatu, ambao si wenyekiti wala waweka hazina. Sanduku halifunguliwi ila mbele ya wote, na fedha zinahesabiwa kwa sauti, hata yule asiyejua kusoma anasikia. Mtindo wa vikundi hivi ulianza huko Niger mwaka 1991, kati ya kina mama waliosaidiwa na shirika la CARE, nao umefika hata kwetu. Tuliporudi kwa kina mama wale tuliomba msamaha hadharani. Kinu hakikufufuka, kiliuzwa kama chuma chakavu. Fedha yake kidogo iliingia katika sanduku la kufuli tatu, na Dani mwenyewe alishika ufunguo mmoja, ameufunga katika pindo la kitambaa chake. Sisi hatukupewa ufunguo hata mmoja. Na kikundi kile, wapendwa, kiliishi baada ya sisi kuhamishwa, kikaishi hata baada ya Dani kuzikwa. Siku ya mazishi yake ufunguo ulipewa binti wa jirani, mmoja wa wale waliolelewa na kikundi.

Mnamkumbuka Wangari Maathai. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake walipanda miti saba katika bustani ya Kamukunji, Nairobi. Alipofariki mwaka 2011, makumi ya mamilioni ya miti ilikuwa imekwisha kupandwa, na iliyo mingi ilipandwa na kina mama wa vijijini kwa mikono yao, katika mashamba yao. Yeye alizikwa, wao waliendelea kumwagilia.

Sheria nayo inatukumbusha. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013, ambayo ilianza kutumika Mei 2024, inadai mashirika yawe na utawala mwema na hesabu zilizo wazi. Ni vema. Lakini sheria yaweza kukulazimisha kuandika hesabu. Haiwezi kukulazimisha kumpenda jirani yako kiasi cha kumwachia ufunguo. Hilo ni kazi ya Roho Mtakatifu. Bwana wetu Yesu, kabla ya kwenda zake, aliwaosha miguu watu ambao angewaachia kazi, akawaamini, ingawa aliwajua jinsi walivyokuwa dhaifu.

Basi wiki hii, chama chenu kitakapokutana, ulizeni maswali matatu. La kwanza: ni nani kati yetu aliyekwenda kuona vifusi kwa macho yake, na kusikia kwa wenye shida wenyewe? La pili: kila mwanachama ana sehemu gani ya ukuta mbele ya nyumba yake, au wengine ni wa kupiga makofi tu? La tatu: kiongozi wetu akiondoka kesho, ufunguo uko wapi? Mkijibu kwa kweli, mtakuwa mmeanza kujenga. Na mfadhili akija, mshukuruni Mungu. Akiondoka, atawaacha mkiwa kazini.

Na tuombe. Ee Mungu Baba yetu, uliyemtia Nehemia moyo wa kulia na mikono ya kujenga, utusamehe sisi viongozi tuliokumbatia kazi yako kana kwamba ni yetu. Wakumbuke watoto walioumia kwa ajili ya makosa yetu. Wainue wanyonge katika vyama vyetu, wajue kwamba umewapa sehemu yao. Uwaponye wagonjwa walioko Migori na Homa Bay, uwape dawa na watu wa kuwatunza. Utufundishe kuachilia funguo tungali hai, kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amin.

Bwana awabariki na kuwalinda. Mpaka tutakapokutana tena, kwaherini.